David Livingstone: Kutoka Kiwanda cha Pamba Hadi Mtumba wa Nguo

Jina la Daktari David Livingstone si geni masikioni mwa Mkristo yeyote wa Tanzania. Tulilisikia shuleni, na wengi wetu twajua kwamba alitembea sana, kwamba alikutana na Stanley pale Ujiji, na kwamba wafuasi wake waliubeba mwili wake hadi pwani. Lakini mwezi huu twapenda kuyasimulia maisha yake kwa njia nyingine kidogo, yaani kwa kuzitazama nguo: nguo alizozivaa yeye, nguo walizovaa watu aliokutana nao, na nguo zilizokuwa fedha ya safari katika siku zile. Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo dogo. Katika karne ya 19 nguo ilinunua chakula, ilinunua njia, na mara nyingi ilinunua hata mtu.

David alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, nchini Scotland. Baba yake, Neil, aliwekwa katika ujana wake ajifunze ushoni kwa fundi mmoja aitwaye David Hunter. Kazi ya sindano hakuipenda, lakini binti wa fundi yule alimpenda, wakaoana. Baadaye Neil akawa mchuuzi wa majani ya chai, akizunguka nyumba kwa nyumba. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba.

Alipofika umri wa miaka 10, David aliingizwa kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika kwenye mashine za kusokota. Mtoto yule alianza kazi saa 12 asubuhi na kumaliza saa 2 usiku, akitembea na kuinama siku nzima kati ya mashine. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha kujifunzia Kilatini. Alikiweka wazi juu ya mashine, na kila alipopita aliiba sentensi moja kwa macho. Baada ya kazi alikwenda shule ya jioni. Katika mwaka wa 19 wa umri wake alipandishwa cheo, akawa msokotaji.

Tuseme na jambo hili wazi. Pamba iliyosokotwa Blantyre katika miaka ile ilitoka ng'ambo ya bahari, katika mashamba yaliyolimwa na Waafrika watumwa. Basi yule kijana aliyekuja kuwa adui mkubwa wa biashara ya watumwa alijifunza kazi kwa nyuzi zilizotokana na jasho la watumwa. Uzi ule ulimfuata maisha yake yote.

Kuanzia mwaka 1836 alisomea utabibu mjini Glasgow, na mwaka 1840 akatiwa mikono awe mmisionari wa Chama cha Misioni cha London. Hakuwa Mwanglikana, nasi hatudai kwamba alikuwa wetu. Machi 1841 alifika Cape Town, akaendelea hadi Kuruman, katika nchi ya Watswana.

Mwaka 1844, mahali paitwapo Mabotsa, simba walikuwa wakiwasumbua wanakijiji. Livingstone alimpiga simba mmoja risasi, lakini kabla hajashindilia tena bunduki yake yule mnyama alimrukia, akamshika mkono wa kushoto karibu na bega na kuusaga mfupa. Mwalimu mmoja Mwafrika, jina lake Mebalwe, alijaribu kumpiga simba yule. Simba akamwacha mzungu, akamrukia Mebalwe na kumwuma paja. Mtu wa tatu naye aliumwa begani kabla simba hajaanguka kwa risasi alizokuwa amekwisha pigwa. Siku ile Livingstone alikuwa amevaa koti la kitambaa cha mirabamiraba ya kwao Scotland. Mwenyewe aliamini maisha yake yote kwamba koti lile ndilo lililofuta sumu katika meno ya simba kabla hayajaingia mwilini, kwa sababu wenzake wawili walisumbuliwa na vidonda vyao kwa muda mrefu, hali yeye alibaki na mfupa uliounga vibaya tu. Msomaji aukumbuke mfupa huu, maana tutaurudia.

Mwanzoni mwa 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari wa Kuruman. Mama huyu alishona nguo za nyumba nzima, akatengeneza sabuni na mishumaa, akazaa na kulea watoto safarini katika gari la ng'ombe. Mengi yanayosifiwa kwa jina la mume yalisimama juu ya kazi ya mikono yake.

Mwaka 1851 Livingstone alifika kwa Wakololo, karibu na mto Zambezi. Hapo aliona jambo lililomgeuza. Baadhi ya watu walikuwa wamevaa majoho ya kitambaa kizito cha rangi ya buluu, kijani na nyekundu, na wengine nguo za pamba zenye maua. Livingstone, mtoto wa kiwanda, alizijua nguo za Ulaya alipoziona. Aliuliza zimefikaje ndani ya bara namna ile. Akajibiwa kwamba zilinunuliwa kwa wavulana. Wachuuzi waitwao Wamambari walikuja kutoka upande wa magharibi, wakataka wavulana kwa nguo na kwa bunduki. Bunduki 8 kuukuu zilikuwa zimetolewa kwa wavulana 8.

Twaweza kufikiri jinsi habari ile ilivyomchoma. Nguo ilikuwa nzuri, na mtu aliyeivaa hakuwa mwovu kuliko watu wengine. Alitaka tu nguo, kama sisi sote tutakavyo. Lakini bei yake ilikuwa mtoto wa mtu. Tangu siku ile Livingstone alishika wazo moja: kama njia ingefunguliwa, watu wangeuza pamba yao, pembe zao na mazao yao ili wapate nguo, na hakuna mtoto ambaye angeuzwa tena. Kwa wazo hilo aliirudisha familia yake Uingereza mwaka 1852, akaanza kutafuta njia.

Mwezi Novemba 1853 aliondoka Linyanti pamoja na watu 27 waliopewa na Sekeletu, mtawala wa Wakololo. Walifika Luanda, pwani ya Atlantiki, tarehe 31 Mei 1854, yeye akiwa mgonjwa hoi. Wareno wa Luanda waliwapokea vizuri. Bwana Gabriel, mwakilishi wa Uingereza, aliwapa wale watu 27 nguo za pamba zenye milia na kofia nyekundu, nao wakapokelewa na Askofu, ambaye wakati ule alishika pia kazi za gavana. Sekeletu alipelekewa farasi na vazi kamili la kanali wa jeshi.

Watu wale walizitunza nguo zao nyeupe njia nzima ya kurudi, wakazivaa siku ya kuingia nyumbani mwaka 1855, wakitembea kwa mwendo wa askari waliowaona Luanda. Wote 27 walirudi hai. Na Jumapili iliyofuata Sekeletu alikuja kwenye ibada amevaa vazi lake la kanali. Livingstone ameandika kwamba vazi lile lilitazamwa zaidi kuliko mahubiri yalivyosikilizwa. Nafikiri hata wahubiri wetu wa leo, hasa siku ya Pasaka au Krismasi, wanaijua shida hiyo.

Mwezi Novemba mwaka huo huo aliyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, na Mei 1856 akafika Quelimane, pwani ya Bahari ya Hindi. Alikuwa amelivuka bara kutoka bahari hadi bahari.

Hapa inafaa kueleza jinsi wasafiri wengine wa Ulaya walivyovaa. Wale waliotembelea nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania, kama Shamu, Palestina na Misri, mara nyingi waliacha suruali na kofia za kwao, wakavaa kanzu na kilemba. Mswisi mmoja, Johann Ludwig Burckhardt, aliishi huko akiitwa Sheikh Ibrahim, akafika Petra mwaka 1812 katika vazi na jina hilo. Richard Burton, aliyekuja baadaye kusafiri katika nchi yetu hadi Ujiji, aliingia Makka mwaka 1853 akijifanya haji Mwislamu. Sababu zao zilikuwa nyingi. Nguo za Ulaya zilivuta macho ya watu na wanyang'anyi, tena hazikufaa katika jua kali. Na penye miji mitakatifu, mgeni wa dini nyingine angeweza kuuawa. Upande wa kwetu, Johannes Rebmann, mmisionari wa CMS aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, anakumbukwa zaidi kwa kitu kimoja: mwavuli aliotembea nao mahali pa silaha.

Livingstone hakujificha ndani ya vazi la watu wengine. Mwaka 1858 serikali ya Uingereza ilimfanya konseli wake huko Quelimane, na tangu hapo alivaa kofia ya buluu yenye ukosi mbele na utepe wa dhahabu kuizunguka. Kofia ile ikawa alama yake. Kila aliyemwona, rafiki au adui, alijua ni nani na anatoka wapi. Kuna uaminifu katika jambo hilo. Lakini tusisahau kwamba kofia ile ilikuwa pia ya serikali, na nyuma yake walikuja watu wengine wenye kofia za namna hiyo, ambao hawakuja kutibu wagonjwa. Yeye hakuishi kuyaona hayo.

Kabla ya hapo, tarehe 4 Desemba 1857, alikuwa amezungumza na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akiwaomba waendeleze kazi katika Afrika. Kutokana na wito ule ilizaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, ambayo pamoja na CMS ni mojawapo ya mizizi miwili ya Kanisa Anglikana katika nchi yetu. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifika mwaka 1861. Mwezi Julai mwaka huo, katika nyanda za juu za mto Shire, Livingstone na Askofu walikutana na msafara wa watumwa. Wenye msafara walikimbia. Watu 84 walifunguliwa kamba na makongwa, na miti ya makongwa ikawa kuni za kupikia chakula chao cha kwanza cha uhuru. Kati ya waliokombolewa siku zile alikuwamo kijana Myao jina lake Chuma.

Kisha mambo yakaharibika. Askofu Mackenzie alikufa kwa homa tarehe 31 Januari 1862. Mary Livingstone, aliyekuwa amerudi kwa mumewe, alikufa Shupanga tarehe 27 Aprili mwaka huo huo. Misheni ikahamia Zanzibar. Mwaka 1864 msafara wa Zambezi ulikwisha bila kupata njia ya meli wala biashara iliyotumainiwa. Watu wengi Uingereza walisema kwamba Livingstone ameshindwa.

Alirudi Afrika mwaka 1866 kwa mara ya mwisho, akaanzia safari yake Mikindani na mto Ruvuma. Pamoja naye walikuwamo Chuma, na Susi aliyetoka Shupanga. Safari ile ilitegemea nguo. Fedha haikuwa na kazi bara. Msafiri alilipa kwa shanga, waya na vitambaa, hasa kaniki na merikani. Merikani ndicho kitambaa cheupe kisichopaushwa kilicholetwa Zanzibar na meli za Marekani. Kilipimwa kwa shuka ya yadi 2, na kwa doti ya yadi 4. Msafara wa watu 100 ulihitaji kiasi cha doti 10 kila siku kwa chakula peke yake, bila kuhesabu hongo ya kupita katika nchi za watawala. Nguo zilifungwa kuwa mitumba, kila mpagazi mtumba wake, wenye uzito wa kilo 30 hivi. Mtumba ukiibwa, msafiri amekuwa maskini.

Ndivyo ilivyompata. Mwezi Julai 1871, pale Nyangwe kwenye mto Lualaba, aliona kwa macho yake wachuuzi wa watumwa wakiwapiga risasi watu sokoni, wengi wao wanawake, mamia wakafa. Alirudi Ujiji mwezi Oktoba akiwa mgonjwa na moyo umevunjika, akitumaini kukuta vitu vyake. Hakukuta kitu. Msimamizi wa mali yake alikuwa ameuza yadi 3,000 za kaliko na ratili 700 za shanga. Mtu aliyekulia kati ya marobota ya pamba hakuwa na hata kipande cha kununulia mlo.

Siku chache baadaye Henry Stanley aliingia Ujiji. Tazama nguo za siku ile. Stanley alikuwa amevaa suti mpya ya flana iliyopigwa pasi, viatu vilivyopakwa mafuta, na kofia ngumu ya jua iliyopakwa chokaa. Susi, aliyekimbia kumlaki, alivaa kanzu nyeupe na kilemba cha merikani. Na Livingstone alisimama katika kofia yake ya konseli, utepe wa dhahabu umechujuka, na kizibao chenye mikono myekundu, na suruali ya sufu ya kijivu. Kijana alivaa kama bwana, na mzee aliyekuwa bwana alivaa kama mtu aliyesahauliwa.

Waliagana mwezi Machi 1872 upande wa Tabora. Livingstone alikataa kurudi Ulaya. Alitembea tena kuelekea kusini, akivuka maji na matope, mpaka hakuweza kutembea tena, akabebwa. Alikufa kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Vijana wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda.

Sasa tunafika kwa watu ambao bila wao habari hii isingekuwapo. Susi, Chuma na wenzao waliamua kwamba mwili utarudi kwao. Hakuna aliyewaamuru. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, aliupasua mwili. Moyo ulizikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko. Mwili ulitiwa chumvi na kukaushwa juani wiki mbili. Kisha ukaviringishwa kaliko, ukawekwa ndani ya gome la mti, ukashonewa kitambaa cha tanga na kupakwa lami.

Walipofika karibu na Tabora, Luteni Cameron, Mwingereza, aliwashauri wamzike palepale. Walikataa. Mbele kidogo, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Basi wale vijana walifanya akili. Walifunga mabua ya mtama katika nguo kama maiti, wakawatuma wenzao waurudishe mzigo ule Tabora mbele ya macho ya watu. Usiku wakayatupa mabua porini. Na mwili wenyewe waliufunga upya ukawa kama mtumba wa nguo wa kawaida, wakaubeba kati ya mitumba mingine. Hivyo ndivyo Livingstone alivyoipita nchi ile.

Sisi wa Levolosi tukisikia neno mtumba twafikiri nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, zinazofunguliwa sokoni asubuhi. Siku zile mtumba ulikuwa mali, na kila mtu aliuheshimu. Maiti ilizuiwa njia. Mtumba wa nguo haukuzuiwa.

Mwezi Februari 1874, baada ya safari ya miezi tisa hivi, walifika Bagamoyo. Mwili ulipelekwa Uingereza. Huko watu walitaka kuhakikisha kama kweli ni yeye, nao madaktari waliutazama mkono wa kushoto: mfupa uliovunjwa na simba wa Mabotsa ulikuwapo, umeunga vibaya vilevile. Alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, na Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa walioshika jeneza. Susi na Chuma, waliofanya kazi kubwa kuliko wote, hawakuwapo. Waliitwa Uingereza baada ya mazishi kwisha.

Nao hawakuacha kazi. Chuma aliongoza misafara ya UMCA katika nchi ya kusini, akafa Zanzibar mwaka 1882. Susi alibatizwa huko Zanzibar mwaka 1886, akachagua jina la David, akafariki mwaka 1891. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, mwezi mmoja tu baada ya kifo cha Livingstone, kabla habari za kifo hicho hazijafika. Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la Kanisa Kuu liliwekwa juu ya uwanja ule ule. Ndani ya Kanisa hilo upo msalaba uliochongwa kwa mti wa kwa Chitambo.

Je, Livingstone alikuwa mtu asiye na kasoro? Hapana. Watoto wake walimjua kidogo sana, na mkewe aliteseka kwa ajili ya safari zake. Wazo lake kwamba biashara njema itaondoa biashara mbaya halikutimia kama alivyotumaini, kwa kuwa biashara nayo huvaa nguo nyingi. Lakini aliuliza swali moja ambalo wengine waliona ni bora kutouliza. Alipoona joho zuri juu ya bega la mtu, hakutosheka kulisifu. Aliuliza lilipatikanaje, na ni nani aliyelilipia. Jibu lilipomjia halikumwacha akae kimya, akalibeba miaka 22, mpaka yeye mwenyewe akabebwa.

Ndugu zangu, tunaponunua na kuvaa, hasa siku za sikukuu, si vibaya nasi kulikumbuka swali lile.